Karavani Iliyotikisa Mkia

Asubuhi za Julai, Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, huamka ndani ya ukungu. Ng'ombe wa jirani husikika kabla hajaonekana. Boda boda hupita na taa zimewashwa, na mtu unayemsalimia barabarani humjui mpaka akujibu.

Nashon alikuwa fundi wa stima. Kila siku, kabla ya chai na kabla ya kazi, alimgeuza mama yake kitandani. Mama Awuor alivunjika nyonga mwaka uliopita. Mfupa ulishika, lakini hakuweza kukaa kwenye kiti zaidi ya saa mbili. Baada ya hapo lazima alale.

"Nashon," mama alisema asubuhi moja, "nimeota naitwa kule nyumbani. Nikaitika. Lakini sauti yangu ilitokea huku Nairobi."

"Tutakwenda, Mama."

"Lini? Mimi sitaki kufia nyumba ya kupanga."

Nyumbani ni Siaya, na safari ni ya siku nzima. Tena nyumba ya mama kule ilikuwa imeangushwa na mvua. Nyumba ya Nashon kule ilikuwa imesimama, lakini kwa desturi ya Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe. Mjini watu hufumba macho, kwa sababu nyumba ni ya mwenye ploti. Nyumbani hakuna wa kufumba jicho.

Ndipo Nashon akanunua karavani. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili. Huvutwa na gari. Ndani ilikuwa na kitanda, meza, jiko na tangi la maji. Alimpigia simu baba mdogo wake kule nyumbani kuuliza kama inafaa.

"Ina magurudumu?" mzee aliuliza.

"Iko nayo, Baba."

"Basi si nyumba ya mtu. Ilete. Atalala humo mpaka tumjengee."

Jambo moja Nashon hakumwambia mzee. Mwenye karavani alikuwa bwana mmoja wa Karen aliyeishi humo peke yake, na humo humo alikutwa amekufa. Godoro lake lilikuwa na bonde lenye umbo la mtu. Lornah, mke wa Nashon, alilitoa akaweka jipya. Siku ya tatu alifungua mlango ili afagie. Godoro jipya nalo lilikuwa na bonde.

"Nani amelala hapa?" Lornah aliuliza.

Nyumba nzima, hakuna aliyekuwa amelala pale.

Gari la Nashon lilikuwa wagoni dogo la kubebea nyaya na ngazi. Alilipeleka kwa mchomeleaji, akafungiwa ndoano nyuma.

"Nashon, hii gari ni ndogo," Lornah alisema. "Mwombe Bramwel pikapu yake."

Bramwel alikuwa kaka ya Lornah. Alichoma nyama Kenyatta Market, na alikuwa na pikapu kubwa ya milango minne.

"Niende kwa shemeji kuomba gari la kumbeba mama yangu mzazi? Atasema nini huko kwao?"

"Atasema uko na akili."

"Gari yangu ina ndoano, na inavuta. Mbona unanisumbua?"

Na kweli ilivuta. Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, Nashon na Lornah waliijaribu kwenye bypass, pale barabara inapopita kando ya msitu wa Ngong. Ukungu ulikuwa umelala juu ya lami, na miti ilionekana kuanzia kiunoni tu. Kwa mwendo wa arubaini, karavani ilifuata kimya kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nashon akakanyaga mafuta kidogo.

Kong'.

"Umesikia?" Lornah aliuliza.

Kong'. Kong'.

Nashon alitazama kioo. Pazia la dirisha la karavani lilisogea. Kisha karavani yote ikaegemea kushoto, polepole, ikarudi kulia. Kushoto tena. Ilikuwa kama mtu mzito anayetembea ndani, kutoka ukuta mpaka ukuta, akitafuta kitu.

Alisimamisha gari kando, akaenda kufungua mlango. Hakukuwa na mtu. Ndani palinuka tumbaku ya kiko. Bonde la godoro lilikuwa palepale.

Jioni Lornah alitaka mchungaji aje aombe. Nashon alikuwa na wazo lake. Kama kitu kinatikisa mkia, si ukandamize huo mkia? Akatia magunia matatu ya mchanga nyuma kabisa ya karavani. Tangi la maji, ambalo lilikuwa palepale nyuma, akalijaza pomoni.

"Sasa atembee tuone," alisema.

Mama Awuor alisikia yote kutoka kitandani kwake. "Jumamosi mkiijaribu tena, mtaniweka mimi humo ndani," alisema.

"Mama!"

"Mimi ni mzee na yeye ni mzee. Kama yuko, nitamwambia aketi, nami nalala. Si kitanda ndicho mmeninunulia?"

Wakabishana wiki nzima, na mama akashinda. Jumamosi iliyofuata, kabla ya kuijaribu tena kwenye bypass, walimlaza ndani ya karavani, wakamfunga kwa leso mbili ili asianguke. Ukungu ulikuwa mzito kuliko wa wiki iliyopita. Nashon alipofika kwenye mteremko aliona usukani umekuwa mwepesi ajabu, kama wa gari la mtoto la kuchezea. Alipougeuza, gari halikumsikia sawasawa.

Kong'.

Karavani ikaenda kushoto. Ikarudi kulia kwa nguvu zaidi. Wagoni dogo likapepesuka nalo. Nashon alikanyaga breki kwa mguu wote. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Karavani ikamsukuma kwa nyuma. Gari likakaa mshazari barabarani, tairi zikalia, na Lornah akaita jina la Yesu mara moja tu, kwa sauti ndogo. Wakasimama hatua tatu kutoka kwenye mtaro.

Nashon hakukumbuka alivyofika kwenye mlango wa karavani. Aliufungua. Mama yake alikuwa angali kitandani, leso zimemkaza, macho wazi yakitazama dari.

"Mama?"

"Hakuna mtu humu, Nashon," alisema. "Nimemwita, hakuitika. Ni wewe unanipiga na kuta."

Nyuma yao taa mbili za manjano zilitokea ukunguni. Likasimama gari la kuvuta magari mabovu, akashuka mwanamke mfupi mwenye ovaroli na kofia ya sufu.

"Niko nyuma yenu tangu daraja," alisema. "Nimeona mkia unapiga, nikajua leo nitavuta maiti. Mko wangapi?"

"Watatu," Lornah alijibu. "Mama yuko ndani ya karavani."

"Mtu? Ndani? Ikitembea?" Mwanamke alivua kofia, akaivaa tena. "Mtoeni. Sasa hivi. Kikombe cha karavani kikiruka kutoka kwenye ndoano, hiyo ni jeneza yenye madirisha. Mtu hakai ndani ya karavani ikivutwa, hata awe nani."

Aliitwa Syokau. Alikuwa ameendesha malori ya trela mpaka Malaba kwa miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na gereji yake Kabiria. Mama akalazwa kwenye kiti cha mbele cha wagoni, kimelegezwa nyuma. Karavani ikavutwa na Syokau.

Gerejini, Nashon alimsogelea Syokau kando.

"Fundi, hiyo kitu alikufa mtu ndani. Wewe kwenu ni Kitui. Labda unajua mtu wa kuitoa hii..."

"Kwa sababu mimi ni Mkamba, niko na chupa ya majini kwa droo ya spana, sivyo?" Syokau alicheka. "Lete mizani ya kupimia watu, iko pale kwa mlango. Hilo ndilo jini langu."

Aliweka karavani sawa kwenye sakafu, akasimamisha kipande cha mbao juu ya mizani, akashusha pua ya karavani, ile ncha ya mbele yenye kikombe cha kushika ndoano, juu ya ile mbao.

"Soma."

"Kilo kumi na moja," Nashon alisema.

"Karavani hii na mizigo yake ni kama kilo elfu moja na mia moja. Pua inatakiwa ibonyeze ndoano kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hiyo ni ngapi?"

"Kama mia na kumi."

"Na wewe una kumi na moja. Uzito wote umeupeleka nyuma. Kwa hiyo pua ikipata tuta inanyanyuka, inanyanyua na matako ya gari lako. Tairi za nyuma zinaguswa tu na barabara, hazishiki. Ndiyo maana mkia uliliyumbisha gari, usukani ukawa kama hauna kazi. Umechukua kitu kinachotikisa mkia, ukakipa mkia mzito zaidi."

Nashon alitazama magunia yake ya mchanga. Aliona aibu.

"Mizigo mizito inakaa chini, juu ya magurudumu, na mbele kidogo," Syokau aliendelea. "Maji mwaga, utajaza ukifika. Halafu gari. Gari lako lina kilo ngapi?"

"Sijui."

"Iko kwa kitabu chake. Yako ni kilo elfu moja, na kitabu kinasema isivute zaidi ya mia tano. Mtoto amebeba ng'ombe. Gari la kuvuta lazima liwe zito kuliko kinachovutwa, na kitabu chake kiruhusu uzito huo. Ndoano nayo usifungiwe tu na mchomeleaji. Ifungwe kwenye chesisi kwa bolti, na tufe lake la chuma litoshe kikombe. Hili lako ni dogo. Sikia."

Alitikisa pua ya karavani kwa mkono. Kong'. Kong'.

Nywele za mikono ya Nashon zilisimama, ijapokuwa sasa alijua sauti ile inatoka wapi.

"Na lile bonde la godoro?" Lornah aliuliza.

Syokau aliingia ndani, akainua godoro. Chini yake mbao mbili za kitanda zilikuwa zimevunjika katikati. "Huyo mzee alikuwa mnene," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Pole yake. Kufa peke yako ni kitu kibaya."

Siku hiyohiyo Nashon alipanda matatu kwenda Kenyatta Market. Moshi wa nyama ulikuwa umejaa kama ukungu mwingine. Shemeji yake alikuwa anakatakata mbavu.

"Shemeji, nimekuja kuomba," Nashon alianza.

"Dada yangu alinipigia simu mwezi jana," Bramwel alisema bila kuinua kichwa. "Ufunguo uko mfukoni mwa hilo koti. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Mama mkwe wa dada yangu si mama yangu?"

Pikapu ilikuwa na kilo elfu mbili, na kitabu chake kiliruhusu kuvuta zaidi ya hizo. Syokau aliifungia ndoano inayofaa. Aliweka minyororo miwili iliyopishana chini ya pua, nyaya za taa, na vioo virefu vya pembeni. Tairi za karavani alizitupa, akaweka mpya. Zile za zamani zilionekana nzima, lakini ubavuni zilikuwa na nyufa za uzee.

"Leseni yako inakuruhusu kuvuta trela?" aliuliza. "Na bima? Uliza kabla polisi hawajakuuliza."

Wiki mbili Nashon alihangaika na hayo, na kila asubuhi alijifunza kwenye uwanja mtupu. Kwenye kona aliingia kwa upana, ili gurudumu la karavani lisipande ukingo. Kurudi nyuma kulimtoa jasho.

"Shika usukani chini kabisa," Syokau alimwelekeza. "Mkono ukienda kushoto, mkia unaenda kushoto. Polepole! Hukimbizi kuku."

"Na ikianza kutembea tena?"

"Toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani wima. Usikanyage breki, usikimbie, usipigane nayo. Iache ichoke. Sitini inakutosha, na kwenye mteremko weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka."

Waliondoka Jumanne kukiwa kumekucha. Mama alilala kwenye kiti cha mbele, Lornah nyuma. Karavani haikuwa na mtu. Baada ya Thogoto ukungu uliwameza. Basi kubwa likatokea nyuma bila kupiga honi, likapita kwa kasi, na upepo wake ukawapiga ubavuni.

Karavani ikaegemea kushoto. Ikarudi kulia.

"Nashon," Lornah alinong'ona.

Mguu wa Nashon ulitaka breki. Ulitaka peke yake, kama mguu wa mtu mwingine. Akauinua. Akashika usukani wima, akahesabu pumzi. Karavani ikaenda kushoto, kidogo kuliko mwanzo. Ikaenda kulia, chini ya hapo. Kisha ikanyooka nyuma yao, na hakukuwa na sauti yoyote ila tairi kwenye lami yenye maji.

"Sasa unaendesha," mama alisema.

Kila baada ya saa moja na nusu walitoka barabarani, wakaweka mawe kwenye magurudumu, wakamhamishia mama kwenye kitanda cha karavani. Alinyoosha mgongo nusu saa, wakaendelea. Walilala Kericho. Siku ya pili alasiri waliingia bomani, na wanawake wa boma wakawapokea kwa vigelegele.

Karavani iliegeshwa palepale nyumba ya zamani ilipokuwa. Mama Awuor aliomba mlango uachwe wazi. Alitazama uwanja wake, mti wake wa mpera na kaburi la mumewe. Kisha akafumba macho.

Nashon alikaa kwenye ngazi. Ndani palikuwa kimya mno. Aligeuka. Mama alikuwa amelala chali, mikono imepangwa kifuani, uso umelainika kuliko alivyouona kwa mwaka mzima. Kifua hakikusogea. Nashon aliingia kwa magoti, akapeleka kiganja polepole karibu na pua yake.

"Nipo," mama alisema, macho yamefumbwa. "Nimefika, nipo. Funga mlango, mbu wanaingia."