Mwanangu Alinikalisha Mkiani mwa Ndege

Kitendawili!

Semeni "tega" huko mliko, nawasikia...

Kila anayepanda ndege ya mbali anaomba akipate. Mimi ninacho nyumbani mwaka wa pili huu, na ningempa yeyote akibebe bure.

Msijibu bado. Kaeni nacho.

Wajukuu zangu wa mtandaoni, leo jajja yenu Kulusum wa Kibuli anaandika kwa kidole kimoja. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo herufi zikidondoka mtaziokota.

Hebu fikiria... umezaa mtoto mmoja tu. Umepanda naye ndege. Anakushika mkono, anakupitisha safu ya kwanza, ya kumi, ya ishirini... mpaka mkiani kabisa, ukuta wa choo uko nyuma ya kisogo chako.

Anakufunga mkanda.

Anasema, "Kaa hapa, Mama."

Kisha anageuka, anakwenda kukaa mbele. Bila wewe!

Nilitazama mgongo wake ukipotea katikati ya watu. Banange... nilijiona kama gunia lililofikishwa stoo.

Yasiin wangu aliondoka Kampala kwenda Uingereza miaka kumi na miwili iliyopita. Baba yake, mzee wangu Abdunoor, alipofariki, hakuja. Sisi Waislamu hatulazi maiti, tulizika siku ile ile, hilo nilielewa. Lakini arobaini pia hakuja. Mwaka ukapita, hakuja.

Mwezi uliopita ndipo akaja, wiki moja tu, kunichukua nikakae naye miezi mitatu.

Akalala hoteli, Nakasero. Mtoto ana kwao Kibuli, analala hoteli! Alisema kwetu mtandao unasumbua. Kila jioni alikuja, akasimama mlangoni, akaniuliza nimekula nini, akaenda zake. Sebuleni, penye redio ya baba yake, hakuketi hata mara moja.

Nikasema moyoni, sawa. Kwenye ndege hakuna mlango wa kusimama. Masaa tisa mpaka London nitakuwa ubavuni mwake, na nitajua kama bado nina mtoto, au nina mtu wa kunipigia simu siku ya Ijumaa.

Jirani yangu Adyero, mjane wa polisi, alishafika Amerika kwa binti yake mara moja, basi siku hizi amekuwa profesa wa viti. Alinifundisha wiki nzima. Nifike mapema. Katikati nisikubali. Nimwambie yule msichana wa kaunta kwamba magoti yananisumbua, anipe pa kunyoosha miguu.

"Na ukiomba, cheka kidogo," akasema. "Wale wamechoka na watu wa kununa."

Tukiwa kwenye foleni Entebbe, nikamtegea Yasiin kitendawili kile kile nilichowategea ninyi. Macho yake hayakutoka kwenye simu.

"Nimeshindwa, Mama. Nakupa Kampala."

Hakufikiri hata kidogo. Huyu ni mtoto ambaye alipokuwa mdogo hakukubali kunipa hata kamtaa ka Katwe! Angekesha anabahatisha.

Tukafika kaunta. Nikaanza hotuba yangu ya magoti, nacheka kama nilivyofundishwa. Yasiin akaniomba nimwachie yeye. Akainama, akaongea na yule msichana polepole, muda mrefu. Nami nikafurahi peke yangu, nikidhani anatuombea viti vya pamoja.

Basi ndiyo hivyo. Nimekaa mkiani, viti viwili pembeni yangu vitupu. Nikangoja mtu aje. Mlango ukafungwa. Ndege ikapaa.

Hakuja mtu...

Kwenye kikapu nilikuwa na gurusa, mikate yetu myembamba ya Kinubi, nimepika ya watu wawili. Kwetu sinia ni moja na mikono ni mingi. Anayetengewa chakula peke yake pembeni ni mgonjwa, au mtu aliyekosana na ukoo.

Sasa mimi nilikuwa yupi?

Nikakifungua kikapu. Nikakifunga.

Ng'ambo ya njia alikaa Mkongomani mmoja, Ambroise, muuza vitenge. Magoti yake yalikuwa yamefika kidevuni.

"Maman, uko na bahati," akaniambia. "Hiyo si viti tena, ni kitanda. Watu wanaomba Mungu wapate kama hiyo."

Nikamwambia basi aje aikalie hiyo bahati. Alidhani natania, mpaka nikakipiga kiti kwa kiganja. Akaja. Nikamwita na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, akachukua cha dirishani. Mimi nikabaki katikati, pale pale alipokataza Adyero.

Tukala gurusa. Walisifu sana. Lakini yangu niliimega nikairudisha kikapuni, maana nilipika nikimfikiria mtu mwingine.

Nikainuka. Nilikuwa nimeamua. Nitamwambia Yasiin tukifika London narudi na ndege hii hii.

Nilikwenda moja kwa moja mbele, kwenye viti vya kunyoosha miguu. Hakuwepo. Nikarudi nikihesabu vichwa...

Nikamkuta kiti cha katikati, kati ya mababa wawili wanene, mabega yamekunjwa kama mwavuli. Mtoto mrefu kama yule!

Akaitazama miguu yangu kwanza.

"Mama, mbona hukulala?"

Kumbe... kiti chake halisi kilikuwa pembeni yangu kule nyuma! Aliona mapema kwenye simu yake kwamba safu ile hakuna mwingine aliyeichagua. Akambembeleza yule msichana wa kaunta amhamishe yeye popote, ili nipate viti vitatu nilaze miguu yangu inayovimba. Huko anakoishi, akasema, hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Nikamwambia kitanda chake nimeshakigawa. Akafumba macho.

"Nilikuomba kitanda mimi?" nikamuuliza. "Nilitaka masaa tisa, Yasiin."

Akafungua mkanda, akanifuata. Ambroise alipotuona akasimama bila kuambiwa, akarudi kwenye kiti chake cha kubana magoti, akisema yeye ameshakula.

Yasiin akaketi. Akamega gurusa, akala polepole, ananitazama kwa pembeni. Ndipo akaniambia. Arobaini ya baba yake alikata tiketi. Alifika mpaka uwanja wa ndege kule kule London, akageuza. Na hoteli ya Nakasero haikuwa mambo ya mtandao: sebule ile bila baba yake ilimshinda kuiingia.

Wajukuu zangu, mambo ya viti muulizeni Adyero. Mimi nawapa hili tu: ukitaka kumpa mzazi wako nafasi, muulize kwanza kama nafasi ndiyo aliyopungukiwa. Na wewe mzazi, usimhukumu mtoto kwa mgongo wake. Mimi nilimhukumu.

Mtoto mchanga alikuwa amelala dirishani.

"Mama," akasema, "nirudishie Kampala yangu."

"Una jibu?"

Akafuta vidole, kimoja kimoja.

"Ni kiti kitupu cha pembeni... Na kule nyumbani ni kile cha Baba, karibu na redio."