Suruali Nyeupe na Ufunguo wa Choo

Katika historia nzima ya mwalo wa Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, hakuna binadamu mwenye akili timamu aliyewahi kuingia pale na suruali nyeupe. Obedi aliingia nayo Jumamosi asubuhi, imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyanya, akiruka magunia ya dagaa kama kuku kwenye tope. Makorongo juu ya mapaa walimtazama kwa huruma.

Evelina hakuwa na huruma. Alivaa kitenge cha rangi ya embe, mkononi ndoo ya sato wabichi. Obedi aligeuka kukwepa mkokoteni, na ndoo ikakutana na suruali.

"Samahani sana, dada."

"Usiniombe mimi. Waombe sato. Wamechafuka."

"Unaitwa nani?"

"Kaoshe kwanza. Mtu hatongozi akinuka hivyo."

"Nani kasema natongoza?"

"Macho yako. Yamesema kwa sauti, mpaka yule mama wa dagaa amesikia."

"Nimesikia!" alithibitisha mama wa dagaa.

Ikagundulika kuwa wote wawili wanakula mkate wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Evelina alikata minofu chini, ndani ya buti za mpira na kofia ya wavu. Obedi alikaa juu, afisa utumishi, na ndiye aliyesoma matangazo kwenye spika.

"Ile sauti ni yako?" Evelina alishangaa. "Nilidhani ni mzee mwenye kitambi!"

Mwezi haukuisha kabla simu zao hazijawa za moto. Evelina alimhifadhi kwa jina la Suruali. Obedi akamhifadhi kwa jina la Sato Wangu.

"Suruali, umekula?"

"Sijala. Nakuwaza."

"Mawazo hayashibishi. Kula ugali, halafu uniwaze vizuri."

Usiku mmoja Evelina alimsimulia habari za kwao Magu, namna babu yake alivyocheza ngoma ya majembe. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji huhama kwa miguu yao wenyewe, na penye watu wengi ndipo penye ushindi.

"Na asiyejua aende wapi?"

"Anakanyagwa," alisema Evelina, akacheka mpaka simu ikakatika.

Sasa, ndugu msomaji, tusimame kwa heshima, maana inafuata habari ya ufunguo wa choo.

Kwenye geti la kiwanda kulikuwa na bango la mtoto anayecheka, limeandikwa: HAKI ZAKO, FAHARI YETU. Nyuma ya bango hilo, choo cha wanawake kilifungwa kwa kufuli. Ufunguo ulining'inia kwa msimamizi Machibya, shemeji wa meneja, ukiwa umefungwa kwenye ubao mwekundu mrefu kama jembe, ili anayekwenda kujisaidia aonekane na kiwanda kizima. Mama wa watoto wanne alilazimika kumwomba Machibya ruhusa ya kukojoa, naye Machibya aliwaza kwanza, kama mfalme anayepelekewa kesi ya mpaka. Sangara waliokufa walilazwa kwenye barafu kwa adabu, wakasafirishwa Ulaya kwa ndege. Walio hai walibana miguu.

Bernadeta, mjamzito wa miezi saba, aliomba ubao. "Subiri zamu," akajibiwa. Akasubiri mpaka mwili ukakataa, mbele ya watu. Siku hiyohiyo akafukuzwa kazi, kwa kosa la kuchafua eneo la chakula.

Wanawake walichemka. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wametaka wafanyakazi wachague msemaji wao, na wangekuja kushuhudia uchaguzi. Wakata minofu wakampendekeza Evelina, jina likapelekwa ofisini kwa Obedi.

Alfajiri ya siku ya pili, spika ikakohoa. "Tangazo. Mgombea ni mmoja. Bwana Machibya."

Sauti ilikuwa ile ile iliyomuuliza Evelina jana usiku kama amefunga dirisha, asipigwe na baridi ya ziwa.

Evelina alimpigia saa ya chai.

"Suruali. Jina langu limeliwa na nani?"

"Mpenzi, nisikilize. Meneja Venant kasema atakayeshindana na Machibya atamfuata Bernadeta. Nikalitoa mwenyewe. Nilikuwa nakulinda."

"Uliniuliza?"

"Ungekataa."

"Ndiyo maana watu huulizwa, Obedi!" Hakuwahi kumwita kwa jina lake, lilitoka kama jiwe la Igogo likiporomoka mlimani. "Machibya ananishikia ufunguo wa choo, wewe unanishikia wa mdomo. Mna tofauti gani? Wewe unanukia vizuri, basi."

Akakata. Obedi alipiga mpaka chaji ikaisha.

Siku ya uchaguzi uwanja ulifagiwa, kufuli na ubao wa ufunguo vikafichwa, wageni wakaketi kivulini na chupa za maji. Utaratibu ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Obedi, na suruali yake nyeupe, alishika maikrofoni na kutafsiri.

"Wanaomtaka Bwana Machibya, wapange mstari."

Walijipanga madereva wawili na mpishi wa meneja.

Ndipo upande wa pili, mlangoni pa choo, Evelina akaanza kuimba. Alishika ule ubao mwekundu aliouchomoa alikojua hufichwa, akaurusha juu kama jembe la babu yake, akaudaka. Buti nyeupe zikapiga saruji. Mwanamke mmoja akahama, akafuata mwingine, kisha uwanja mzima ukainama upande wa choo kama mashua yenye abiria upande mmoja. Mpishi wa meneja naye akahama, akijifanya anafuata kivuli.

Mgeni mmoja akauliza kinachoendelea. Venant akatabasamu kwa meno yote. "Waambie ni burudani ya utamaduni. Haraka!"

Obedi alitazama mlangoni pa choo. Evelina hakumwita. Alimtazama tu, akaendelea kucheza.

Obedi akasema kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili kila mtu asikie: "Siyo burudani. Huu ndio uchaguzi. Jina la mgombea wao nililifuta mimi, na choo kile hufungwa kwa kufuli." Kisha akaondoka kwenda upande wa pili na maikrofoni mkononi. Waya ukavutika, ukavutika, plagi ikachomoka. Akafika kwa Evelina hana spika.

Venant alimfukuza kabla ngoma haijaisha. Kiwanda kikatoa taarifa yenye maneno mazuri sana. Hata hivyo, kufuli halikurudi, wageni wakadai msemaji aliyechaguliwa atambuliwe, na Bernadeta akarudishwa baada ya kujifungua. Bango la getini, bila haya yoyote, liliendelea kucheka.

Jumamosi iliyofuata Obedi alimfuata Evelina mwaloni. Suruali ilikuwa ile ile, na doa la sato halikuwa limetoka.

"Nataka kukuoa," alisema. "Lakini naomba, sitangazi. Unaamuaje?"

"Kasimame pale kwenye magunia. Usiongee, usinikonyeze. Nikitaka nitahama."

Alisimama. Maji ya dagaa yalimtiririkia viatuni. Evelina alichagua sato, akabishana bei, akamsalimia kila mtu aliyepita, akaongea kwenye simu, akafunga upya kitenge chake.

"Mwanangu, mhurumie," alinong'ona mama wa dagaa.

"Shikamoo, mama. Kura ni siri."

Kisha akachukua ndoo yake, akavuka upande wa magunia.