Mia na Kumi na Wanane Chumba Kimoja

Mambo yaliharibika Jumanne ya kwanza ya muhula wa pili, saa tisa mchana. Binti wa fundi cherehani alirudi na barua: asipojua kusoma kufikia mwisho wa mwaka, atarudia darasa la tatu.

Fundi aliacha suruali ya mteja chini ya sindano. Mkewe alipokuwa anakata roho, alimwomba jambo moja tu: mtoto asome. Fundi mwenyewe aliishia la nne.

Asubuhi alivamia shule.

“Mwalimu, mwanangu umemfundisha nini?”

“Mwanao ni yupi, baba?” Sauti ya mwalimu ilikuwa imekauka kwa kupaza kila siku.

Fundi alichungulia darasani. Dawati moja watoto watano, wengine sakafuni hadi mlangoni. Alihesabu. Mia na kumi na wanane. Matusi yote aliyokuja nayo yakamwishia mdomoni.

Jioni alimfuata jirani yake, karani wa ofisi ya elimu. Mtaa mzima humwita Mama Hesabu.

Fundi alifoka: “Wakubwa wametangaza eti nchi nzima wastani ni watoto arobaini na tano kwa mwalimu. Waongo wa kutupwa!”

“Hawajadanganya, shemeji. Wamesema nusu ya ukweli. Kuna mikoa darasa lina watoto ishirini na wawili. Kwetu wanapita themanini. Wakichanganya, wanapata katikati. Akija mnene na mwembamba, ukawashonea wote kipimo cha katikati, nani atavaa?”

“Mmoja itampwaya. Mwingine itapasuka makalioni.”

Mama Hesabu alicheka hadi akafuta machozi. “Ndiyo hiyo! Tena wanahesabu na walimu walio likizo. Achana na wastani. Hesabuni watoto walio mbele ya mwalimu mmoja, darasa kwa darasa, kisha mlinganishe na mikoa mingine.”

Fundi na kamati ya shule walihesabu siku tatu tofauti, maana Jumatatu watoto hujaa na Ijumaa hupungua. Mama Hesabu akachora jedwali. Fundi akalipeleka kwa ofisa elimu. Mara nne akaambiwa njoo kesho. Mara ya tano alikwenda na wazazi sitini, wakaingia wote ofisini.

“Mbona mnanibana? Sipumui!”

“Sisi sitini tu, mheshimiwa. Darasani wamo mia na kumi na wanane.”

Kabla mwezi haujaisha, walikuja walimu wawili. Darasa la tatu likagawanywa makundi matatu, kila moja watoto arobaini au pungufu. Mwisho wa mwaka barua ya kurudia ikafutwa. Binti akaketi kando ya cherehani, akasoma lebo ya shati: “Usi-fue kwa ma-ji ya moto.” Fundi aligeukia ukutani, akalia kwa raha.

Siku ya kufunga shule alimshukuru mmoja wa wale walimu wageni, kisha akamuuliza ametokea wapi.

“Mkoa wa jirani. Nilikuwa nafundisha la pili.”

Fundi alikunja uso. Wakubwa hao! Wamekata kiraka kwenye nguo ya mwingine ili kuziba tundu letu?

“Na wale uliowaacha kule, mwalimu, nani anawafundisha?”