Taa ya Nyuma ya Kulia

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Brashi alipitia kwanza kwenye banda la mabati lililokuwa ubavuni mwa nyumba yao. Humo ndimo lilimolala trekta la Mama. Alimkuta Mama ameshatangulia, kilemba kichwani na kitambaa cha kufutia oili begani. Brashi alivuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, kisha akakivuta tena.

"Inasemaje?" Mama aliuliza.

"Imeshiba."

"Na maji?"

"Yamefika shingoni."

"Haya, nenda kanawe. Mwalimu asije akadhani nilikuzaa ndani ya injini."

Jina la Brashi alipewa na mtaa. Likizo iliyopita alilipaka trekta hilo rangi upya, kuanzia boneti mpaka rimu za magurudumu. Lilikuwa kuukuu, limebabuka huku na huku. Alipomaliza, lilikuwa jekundu la kung'aa. Nyuma ya kiti kulikuwa na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na kwenye nguzo yake ya kulia Brashi alichora ndege mdogo wa manjano aliyekunjua mabawa. Watu walisimama barabarani kumtazama ndege huyo. Hata Mjomba, kaka yake Mama, ambaye hakuwahi kusifu kitu bila kukitia utani, alisema, "Mpwa wangu, sasa trekta limependeza kuliko mwenye nalo."

Mwenye nalo alicheka tu. Sifa za Mama hazikuwa za urembo. Alilima mashamba ya watu kwa kukodiwa, na mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Plau ikigusa jiwe, yeye alikuwa ameshaisikia na kuiinua kabla haijapinda. Brashi alikuwa akimtazama kutoka pembeni, akijiuliza mtu anajuaje kilichomo ardhini wakati amekaa juu ya kiti.

Lakini kila msimu wateja walimzonga, na shamba la Bibi, mama yake Mama, likawa la mwisho. Shamba hilo lilikuwa bondeni. Mvua ikishanyesha, udongo wake hugeuka uji na trekta haliingii tena. Mwaka uliopita mvua iliwahi. Bibi alilima kwa jembe la mkono mpaka mgongo ukamgoma, akawa hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Brashi alimwona Mama akimkanda Bibi kwa maji ya moto, macho kayaelekeza ukutani.

Mwaka huu Mama aliamua kwamba mchana atalima ya wateja, na jioni atalima ya Bibi. Shida ilikuwa moja. Trekta lilikuwa na taa mbili za mbele zenye mwanga hafifu, na nyuma, kwenye plau, lilikuwa giza tupu. Ilibidi lifungwe taa za kazi.

Jumamosi wakaenda kwa fundi wa umeme wa magari, aliyejulikana kwa jina la Fundi Fyuzi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja. Waya za kila rangi zilining'inia ukutani, na betri zilipangwa chini kama matofali. Macho ya Brashi yaliangukia taa kubwa za mviringo zenye ukingo wa kumeremeta.

"Mama, hizi! Zitaendana na rangi yetu!"

Fundi hakubisha. Alifunga mlango na dirisha, chumba kikawa na giza, akaunganisha taa moja kwenye betri. Ukutani likatokea doa kali la mwanga, upana wake kama sahani.

"Hii inaona mbali lakini inaona kidogo," alisema. "Ni ya barabarani." Kisha akaunganisha taa nyingine ndogo ya mraba, isiyo na urembo wowote. Ukuta mzima ukawa mweupe, kutoka pembe moja mpaka nyingine.

Brashi alikodolea macho taa. Mama hakuitazama hata kidogo. Alimwomba Fundi aielekeze sakafuni, akachuchumaa, akaanza kukagua nyufa za saruji. Kila ufa ulionekana pamoja na kivuli chake.

"Nataka hii," alisema. "Mimi silimi angani. Nataka nione mfereji unaochimbwa na plau, visiki na mawe."

Fundi alitikisa kichwa kwa furaha. "Dada, wateja wangu wote huitazama taa mpaka machozi yanawatoka. Wewe ni wa kwanza kutazama inachomulika."

"Basi tuchukue nane!" alisema Brashi.

"Ukitaka betri ifie shambani, chukua nane," Fundi alijibu akicheka. "Jenereta ya trekta lenu ni ya kizee. Nne inaziweza. Zaidi ya hapo, betri itakuwa inatoa kuliko inavyopokea." Akaigeuza taa na kuwaonyesha mapezi ya chuma yaliyokuwa mgongoni mwake ya kupunguza joto, na ukanda wa mpira uliozunguka kioo ili vumbi na maji visipenye.

Mchana huo Fundi alikuja na mkoba wake kwenye banda. Mama alipanda kwenye kiti, akashika usukani, akageuza shingo kutazama nyuma kama anavyofanya akilima.

"Sogeza nje kidogo, Fundi. Hapo bega langu litatia kivuli kwenye plau. Eeh, hapo hapo."

Fundi aliweka alama za chaki: mbili juu ya madigadi, vile vikinga tope vya magurudumu, kwa taa za kumulika mbele, na mbili kwenye nguzo za fremu kwa taa za kumulika nyuma. Kisha akamwita Brashi.

"Sikiliza vizuri. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye waya, unaingia kwenye taa. Sasa utarudi vipi? Unapita kwenye mguu wa taa, unaingia kwenye chuma cha trekta, unarudi kwenye betri. Rangi ni mlango uliofungwa. Kwa hiyo chini ya kila mguu kwangua mpaka uone chuma cheupe."

"Aliyepaka ndiye atakayekwangua," Mama aliongeza, akampa kipande cha msasa. "Leo wewe ndiye mkono wangu wa kulia."

Brashi alikwangua kwenye madigadi ya kushoto, kisha ya kulia, kisha nguzo ya kushoto. Chuma kiling'aa, naye akafurahi kukiona. Alipofika kwenye nguzo ya kulia, alisita. Alama ya chaki ilikuwa juu ya ndege wake.

Mguu wa taa ungemfunika tumbo tu. Kichwa na mabawa yangebaki. Lakini msasa haukujua kula tumbo ukaacha mabawa. Brashi aliupitisha juu juu, mara mbili tatu, rangi ikapoteza mng'ao lakini ikabaki palepale. Haraka akaweka mguu wa taa mahali pake na kuchomeka bolti.

"Umemaliza?" Fundi aliuliza kutoka chini ya usukani, alikokuwa akifunga swichi na fyuzi.

"Ndiyo."

"Yote manne, mpaka chuma?"

Brashi alijitia kukaza bolti kwa vidole. "Ndiyo."

Fundi akaja kukaza nati moja baada ya nyingine. Mama alipobonyeza swichi, taa zote nne ziliwaka na banda zima likawa jeupe. Walipiga makofi. Brashi naye alipiga, akijiambia moyoni, "Si unaona? Imewaka tu."

Jumatatu jioni walikwenda kwa Bibi. Mawingu yalikuwa yameshaanza kurundikana nyuma ya kilima. Tena kesho yake alfajiri Mama alitakiwa kuvuka mto na trekta kwenda kwa wateja wa ng'ambo, na asingerudi kabla ya wiki kwisha. Kama shamba la Bibi lisingelimwa jioni hiyo, basi tena. Mjomba alikuwa ameshang'oa visiki. Bibi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kanga begani, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Giza lilipoingia, Mama aliwasha taa za kazi. Brashi hakuwahi kuona shamba likipendeza vile. Udongo ulikuwa ukigeuka mweusi na mbichi, bonge juu ya bonge, na kila bonge lilikuwa na kivuli chake. Katikati ya mwanga huo Mama alikaa wima, mkono mmoja kwenye usukani, uso umegeukia nyuma begani.

"Mwanangu huyo," Bibi alisema taratibu, kana kwamba anamweleza mtu asiyemfahamu.

Kwenye mzunguko wa tatu, taa ya nyuma ya kulia ilipepesa. Trekta lilipopita kwenye tuta ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Mama alisimamisha trekta na kushuka. Alikagua waya, akakagua fyuzi. Vyote vilikuwa vizima.

"Si nilisema!" Mjomba aliruka, ingawa hakuwa amesema. "Huyo Fundi Fyuzi amekuuzia taa mbovu. Kesho nakwenda kumkalia mlangoni, wateja wake wote wasikie!"

"Sikutegemea hili kwake," Mama alisema kwa huzuni. Alitazama upande wa kulia, ambako shamba lilipakana na korongo. "Bila taa hiyo siuoni mfereji, na korongo liko upande huohuo. Siwezi kuendelea. Mama, nisamehe."

"Usijali, mwanangu," Bibi alisema. "Jembe langu bado lina mpini." Alipoinuka kutoka kwenye ndoo, mkono wake ulikwenda wenyewe mgongoni.

Brashi aliuona mkono huo. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Fundi angetukanwa, taa ingerudishwa, na Bibi angeinama na jembe.

"Mama," alisema, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. "Taa si mbovu."

"Unasemaje?"

"Taa ni nzima. Mimi... pale sikukwangua. Nilipitisha msasa juu juu kwa sababu ya ndege wangu. Nilimdanganya Fundi. Na wewe nilikudanganya."

Mjomba alifungua kinywa. "Kumbe tunahangaika kumtafuta mwizi nje, na mwizi tunakula naye!"

"Kaka, nyamaza," Mama alisema. Alizima injini na taa zote, akafungua sanduku la vifaa, akatoa spana na msasa. "Panda."

Brashi alipanda. Mama alimmulikia kwa tochi ya simu. Bolti ilipotoka na mguu wa taa ukainuliwa, chini yake palikuwa na rangi nyekundu na ya manjano, na pembeni ya tundu alama ndogo nyeusi kama ya kiberiti. "Umeme ulikuwa unajipenyeza hapo kwa shida," Mama alisema. "Trekta likisimama, unapita. Likitikisika, unakosa njia."

Brashi alikwangua. Mabawa yaligeuka unga wa manjano vidoleni mwake, kikafuata kichwa. Hakusimama mpaka chuma kilipokuwa cheupe pande zote. Hata alipojua kuwa kimetosha, alikwangua tena kidogo, kisha akamwita Mama aje aone. Mama aliinama, akapitisha kidole, akakubali. Wakafunga na kukaza pamoja.

Taa iliwaka. Mama aliipiga nguzo kwa kiganja, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu. Taa haikupepesa. Akapanda kwenye kiti, na trekta likaingia tena mferejini.

Alilima mpaka mstari wa mwisho, ule uliopakana na korongo, nao ulinyooka kama mingine yote. Aliposhuka, alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Brashi alikuwa akimsubiri kando ya gurudumu, kichwa chini.

"Unajua kilichoniuma?" Mama alimwuliza. "Si rangi. Ungeniambia kwamba unampenda ndege wako, tungeisogeza taa upana wa kiganja tu, naye angebaki mzima. Neno moja lingetosha."

"Niliogopa utaniona mtoto."

"Nikiwa hapo juu gizani, mwanangu, sizioni nati wala waya. Naendesha kwa kuwaamini walioniambia 'ndiyo, tayari'. Mtu akisema ndiyo kwenye kazi, kuna mwenzake atakayeegemea ndiyo hiyo kwa uzito wake wote. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Jambo la pili. Leo ungeweza kunyamaza, Fundi akabeba lawama. Hukunyamaza, tena mbele ya mjomba wako mwenye mdomo huu. Hilo halikuwa jepesi, nami nimeliona. Kesho kabla ya shule utapita kwa Fundi umweleze mwenyewe."

"Na mimi je?" Mjomba aliuliza. "Mimi nilimtukana."

"Utamsindikiza," alisema Bibi, na wote wakacheka.

Mvua ilinyesha Jumatano usiku kucha. Alhamisi, baada ya shule, Brashi na Bibi walishuka bondeni na mbegu. Bibi alitangulia akichimba vishimo kwa kijiti, taratibu, mgongo umenyooka. Brashi alifuata nyuma akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu.

"Umefukia vyote?" Bibi aliuliza kutoka mbele.

Brashi aligeuka. Nyuma kabisa, karibu na mwanzo wa mstari, kishimo kimoja kilikuwa bado wazi. Alirudi mpaka pale, akakifukia, akakikanyaga vizuri, kisha akakimbia kumfikia Bibi.

"Ndiyo, Bibi. Vyote."

Bibi aliendelea kuchimba. Hakugeuka kutazama.