Makofi kwa Anayeanguka

Taa ziliwaka, watu wakaanza kumiminika kutoka ukumbini, na aliyetangulia kufika nje akarudi nyuma akipiga kelele. Mwongozaji wa filamu waliyotoka kuitazama alikuwa amelala chali chini ya ngazi za roshani, shingo imepinda, macho wazi.

Inspekta alipofika, daktari wa polisi alikuwa ameshapiga magoti kando ya maiti.

"Kateleza?"

"Anayeteleza hudaka reli ya ngazi. Huyu kaanguka kinyumenyume. Tazama na shati, vifungo vimeng'oka. Kuna mtu kamkaba kifuani, akamsukuma."

Ilikuwa wiki ya filamu za zamani, zile zilizofukuliwa maghalani zimejaa mikwaruzo, zikapelekwa maabara kusafishwa mpaka zikang'aa. Hii ya mwizi anayekimbizwa juu ya mapaa ndiyo iliyopendwa kuliko zote, ikawa inarudiwa kila jioni. Na kila jioni mwongozaji, mzee mwenye maneno mengi, alizungukazunguka nje akingoja iishe ili aingie kupungia watu mkono.

"Filamu ikiendelea, nani alikuwa nje?" Inspekta alimuuliza mkata tiketi.

"Hakuna, afande. Wote ndani. Hata mimi niliingia kuchungulia. Pale mwizi anapoanguka sipakosi."

"Hakuna aliyetoka?"

"Labda yule bibi."

"Bibi gani?"

"Wa sweta ya kijani. Analipa tiketi nzima, anaingia filamu iko katikati, mwizi akishaanguka huyo, keshaondoka. Nikamtania: bibi, wewe mkate unakula kiini tu, maganda unatuachia sisi? Hata hakucheka."

Inspekta aliomba kuonyeshwa sehemu hiyo peke yake. Meneja wa sinema alinung'unika, lakini akawasha mashine. Mwizi alikimbia juu ya mapaa, akafika ukingoni, akaanguka. Sajenti aliyefuatana na Inspekta akapiga mluzi.

"Rudisha," Inspekta alisema. "Tena. Simamisha hapo hapo."

Aliyekimbia alikuwa nyota wa filamu. Aliyeanguka hakuwa yeye, ni mtu aliyevalishwa nguo zake. Uso wake ulipita kufumba na kufumbua, mdomo wazi. Na nyuma yake, kwenye kioo cha dirisha, mahali ambapo filamu chakavu ilikuwa na doa jeusi tu, sasa walionekana watu wawili. Mmoja ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa yule mtu. Wa pili, kijana mwenye kofia, ameinua mkono. Mkono ukashuka. Kamba ikaachiwa.

Picha ya kijana huyo mwenye kofia ilikuwa imebandikwa juu ya lango la sinema, kubwa kuliko lango lenyewe. Mwongozaji.

Sajenti hakupiga mluzi tena.

Kesho yake meneja hakuahirisha kitu. "Tangu habari itoke, tiketi zinagombaniwa kama sukari," alisema bila haya. Inspekta alikaa safu ya nyuma. Filamu ilipofika katikati, sweta ya kijani ikaingia, ikakaa kiti cha pembeni. Inspekta akahamia kando yake.

Mwizi alianguka. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

"Kila siku wanapiga," bibi alisema, macho mbele.

"Aliyeanguka ni nani wako, mama?"

"Mume wangu." Akafunga sweta vizuri. "Wewe polisi, eh? Haya, twende."

Kituoni hakuhitaji kubanwa.

"Waliniambia kamba ilikatika. Nikaamini, nikazeeka nikiamini. Filamu yenyewe sikutaka hata kuisikia. Halafu wakatangaza imesafishwa, sura zinaonekana kama za jana. Sina picha yake, mwanangu. Ziliungua na nyumba. Nikasema acha nikamwone uso."

"Ukaona na kioo."

"Mwanzoni niliona uso tu. Ukirudia ndipo unaona mengine. Jana nikatoka, nikamkuta yule bwana kwenye ngazi. Nikamuuliza, wewe ndiye uliyesema kamba iachiwe? Unajua alinijibu nini?"

Inspekta alisogeza kiti karibu.

"Alicheka. Akasema, 'Bibi wee, bila mimi angekufa kibarua, hakuna anayemjua. Sikiliza wanavyompigia makofi.' Na kweli walikuwa bado wanapiga. Nikamkaba, nikamsukuma." Alitazama viganja vyake. "Naye hakuwa na kamba."

"Umeshaua mtu. Leo umerudi kufanya nini?"

"Ningemwona wapi kwingine?"

Inspekta aliinama, akaandika. Alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Filamu tutaichukua, mama. Ni kielelezo."

"Wataionyesha mahakamani?"

"Itabidi."

"Na mimi nitakuwepo?"

"Wewe ndiye mshtakiwa."

Bibi alifikiri kidogo.

"Huko watu wanaruhusiwa kupiga makofi?"

"Hapana."

"Basi huko," alisema, "nitakaa mpaka mwisho."