Mtoto wa Tatu wa Bi Nasrin

Jumanne ile foleni ya kliniki ya chuo kikuu pale Multan ilifika hadi ngazini. Joto, vilio vya watoto, shungi za akina mama zimelowa jasho. Katikati ya foleni, kijana mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri alikuwa kakaa sakafuni kando ya binti wa miaka tisa aliyeziba masikio na kupiga mayowe. Watu wakawakodolea macho kama wanatazama ajali.

Sabahat, mwalimu wa matamshi, akachuchumaa.

"Kaka, na wewe umekaa chini kwa nini?"

"Nimemwambia hatuachani. Yeye kachagua sakafu."

Sabahat akacheka, na hapo ndipo alipopotea.

Kijana aliitwa Mudasir. Binti, Harim, alikuwa mdogo wake, mwenye usonji. Miezi sita walikuja kila Jumanne, na Harim akajifunza kutoa picha ya maji akiona kiu, badala ya kujigonga ukutani. Jioni moja simu ya Sabahat ikalia; ni Mudasir.

"Mwalimu, nina tatizo la matamshi. Kuna jina moja, nikilitaja ulimi unakuwa mzito."

"Panga foleni kama wenzako, roho yangu."

Posa ikaja. Bi Nasrin, mama yake Mudasir, aliingia kwa kina Sabahat na bangili za dhahabu na masanduku ya halua. Sabahat akatoka na sinia la chai, ushungi wa kijani kichwani, macho chini kama ilivyo ada. Baba yake, Mzee Inayat, alikuwa akiuliza:

"Mmejaliwa watoto wangapi, dada yangu?"

"Wawili tu, kaka. Mudasir na dada yake Ifat."

Sabahat akamtazama Mudasir. Mudasir alikuwa anakoroga kikombe kitupu.

Bibi harusi mtarajiwa haongei siku hiyo. Lakini miaka mitano kule kliniki Sabahat alikuwa akiwaambia wazazi wasifiche watoto, na maneno yakamtoka kwa mazoea:

"Na Harim je, mama? Juzi kaomba maji mwenyewe."

Bi Nasrin akavuta ushungi usoni.

"Wachumba wawili wamemwacha Ifat wangu kwa ajili ya mtoto huyo. Wa tatu anakuja mwezi ujao. Umenimaliza, mwanangu."

Mzee Inayat akaweka kikombe chini. "Hicho ni kitu cha damu. Mimi nataka wajukuu wazima."

"Baba, hiyo ndiyo kazi yangu..."

"Kazi yako iache hukohuko chuoni."

Usiku simu ikalia.

"Ungenyamaza, Saba. Siku moja tu!"

"Ungesema wewe. Neno moja tu."

"Ningesema tukishaoana."

"Na siku ya harusi mngemweka wapi?"

"Kwa shangazi. Tulishapanga."

Jumanne tatu zikapita bila wao. Ya nne Mudasir akaja peke yake, hajanyoa, kufunga faili.

"Mama kasema Harim haji tena. Majirani wanatuona tukiingia geti hili."

"Nichukieni mimi, Mudasir. Yeye mlete. Atapewa mwalimu mwingine, hamtaniona."

"Unadhani nachoka kukuona?" Akafuta uso kwa kiganja. "Nifundishe mimi. Yote, leo. Nitamfundisha chumbani, mlango umefungwa."

Saa moja walikaa kwenye viti vile vifupi vya watoto, magoti yakikaribia kugusana. Mudasir akawa Harim. Sabahat akashika kikombe.

"Usimpe hadi akupe picha. Hata akilia."

"Hata akilia," akarudia.

"Akikupa tu, mpe palepale. Usimcheleweshe."

Mudasir akamnyooshea picha. Sabahat akampa kikombe palepale, na vidole vyao havikuachana upesi. Kisha Mudasir akatia sahihi kwenye faili, akatoka.

Mama aliyefuata akaingia, amembeba mwanawe mgongoni.

"Yule baba katoka analia. Mwanawe ana nini?"

"Mtoto hana neno," Sabahat akasema, akivuta kiti. "Ni sisi wakubwa. Keti, mama."