Sauti Waliyoivua Ngoma

Hebu fumba macho kidogo, ukione chumba hiki. Kiko juu ya duka la rangi, na dirisha limezibwa kwa blanketi ili kelele za barabarani zisiingie. Ukutani kuna bango la boti nyeupe yenye sitaha mbili na jua kubwa la kiangazi, na maneno manene: SOUL JUU, DANSI CHINI, MCHANA KUTWA MAJINI. Feni imekufa tangu jana. Mbele ya kompyuta wameketi dada na mdogo wake, wanagawana chupa moja ya soda, jasho linawatiririka mgongoni.

Dada ndiye aliyepewa kazi ya kuitangaza dansi hiyo. Watu walimwita Mabango, kwa sababu hapakuwa na ukuta mjini ambao hajaupaka gundi. Mdogo wake alikuwa dijei wa soul, na kwa utamu wa mikono yake walimwita Sukari. Mama yao alipofariki, alimwachia Mabango mtoto huyu akiwa bado hajui kufunga vifungo vya shati. Dada akamlea, akamsomesha, akamnunulia hedifoni za kwanza. Hawakuwa na mtu mwingine ila shangazi yao, na shangazi wiki hiyo alikuwa safarini.

"Sikiliza tangazo, dada," alisema Sukari. "Halafu uniambie nani atabaki nyumbani."

Akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikaimba peke yake, bila maneno, ikapanda na kushuka, tamu kama usingizi wa alfajiri. Ikafuata sauti ya Mabango mwenyewe: "Jumamosi hii, bandarini, njooni tuelee!" Kisha yule mwanamke tena.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Kabatini kwa shangazi. Kuna santuri kuukuu haina hata jalada. Imejaa ngoma tupu, gudu gudu gudu, na huyu mama anazama humo ndani. Nikamchambua. Ngoma nikaziweka kando, sauti nikaiacha wazi. Ngoma zenyewe nimempa Kishindo, anasema atafungulia nazo kule chini."

Kishindo alikuwa dijei wa dansi, mtu wa miraba minne aliyependa muziki wa kutikisa vikombe kabatini.

"Na shangazi je?"

"Akirudi nitampigia magoti. Hajawahi kunichapa, ataanza leo na ndevu hizi?"

Mabango akacheka, akamwambia arudie. Safari hii, kabla ya kuimba, yule mwanamke alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyekaa chini ya maji muda mrefu.

"Hiyo pumzi haikuwepo," Mabango alisema.

Sukari akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akafuata mistari ya sauti kwa kidole. "Wala haipo sasa. Ona, hapa ni kimya kitupu."

Wakatazamana. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka nywele zilizoungua. Mabango akasema ni waya wa feni, na kwa kuwa alitaka sana kuamini hivyo, akaamini.

Kesho yake gari la matangazo likaingia barabarani likiwa na spika mbili juu. Dereva wake alikuwa mzee mpole anayeitwa Breki, kwa utani, maana alikuwa akiendesha kama anabeba mayai. Mabango alikaa kando yake akigawa vikaratasi dirishani. Tangazo lilizunguka na kuzunguka, na kufika adhuhuri yule mzee alikuwa anaufuata wimbo kwa midomo iliyofumba, kisha kwa midomo iliyofumbuka.

"Naona umekuingia, mzee," Mabango alimtania.

Mzee alisimamisha gari katikati ya njia, akavuta spana ya tairi chini ya kiti, akashuka taratibu huku anaimba, akamwendea fundi wa baiskeli aliyekuwa ameinama anajaza upepo, akampiga begani, na fundi alipoinua mkono kujikinga akaupiga ule mkono, mfupa ukalia kama kuni kavu, akapiga tena na tena, na kila pigo likaangukia pale wimbo ulipopanda, wala halikuwahi wala halikuchelewa, mpaka wanaume wanne wakamlalia, na hata chini ya miili yao bado anaimba, damu ya fundi ikiwa kwenye meno yake.

Mabango akazima spika. Mzee akanyamaza, akatazama mikono yake.

"Nani kamuumiza huyu?" aliuliza, na machozi yakamtoka.

"Ni joto," watu walisema. "Jua hili linachemsha ubongo."

Mabango naye akasema ni joto. Lakini siku zilizofuata tangazo lilikuwa limeshatoka kwenye gari na kuingia kwenye simu za watu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya tangazo zuri, na mji mzima ukawa unauimba wimbo ule ukiosha vyombo na ukipanga foleni. Kinyozi mmoja alimkata mteja wake sikio, akaendelea kunyoa. Mwalimu wa kike, mtulivu kama maji ya mtungi, alimbamiza mwenzake kichwa ukutani wakati wa chai. Mabango alisikia yote hayo. Alikuwa na macho, ila alikuwa ameyaazimisha kwa kazi. Boti ilikuwa imejaa hata kabla ya Jumamosi.

Na Sukari alikuwa ameanza kuimba usingizini.

Jumamosi jua lilikuwa kali, maji yanameta kama mabati mapya. Mabango alisimama gatini akiwapokea wageni, vijana kwa wazee, kofia, miwani, viatu mkononi. Ndipo alipoona mtu anawapasua watu kwa kiwiko, mkoba wa safari begani. Alikuwa shangazi. Alimshika Mabango sikio, mbele ya wageni wote.

"Nani kamvua ngoma huyu?"

"Shangazi! Shikamoo. Ni tangazo tu..."

"Marahaba ya nini! Nimemsikia ndani ya basi, kwenye simu ya mtu. Nikamsikia stendi. Nikamsikia kwa muuza maji!" Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo Mabango alipoogopa kweli, kwa maana shangazi yake hakuwa mtu wa kunong'ona. "Sikiliza, mwanangu. Zamani, nilipokuwa naganga, jini huyu alikuwa ndani ya mwanamke mmoja. Aliwaponda wanawe wawili kwa mchi, anaimba hivyo hivyo. Tulimpigia ngoma mpaka akatoka, tukamnasa kwenye santuri, na ngoma tukamfunga nazo humo humo. Ile haikuwa muziki. Ilikuwa pingu. Ninyi mmemfungua, halafu mkamzungusha mjini kwa kipaza sauti!"

"Anaingiaje kwa mtu?"

"Kwa mdomo. Anayemwimba amempa koo lake."

Mabango akageuka kutazama boti. Sitaha ya juu, nyuma ya mashine zake, Sukari alikuwa ameinua mikono. Wageni wote walikuwa wamemkabili, na hakuna hata mmoja asiyeujua wimbo.

"Kishindo anazo ngoma," Mabango alisema. "Akizipiga sasa hivi?"

"Umechelewa, mdogo wako ameshamezwa. Ngoma zikilia jini akiwa kooni mwake, atafungwa humo humo, na hutampata tena yule uliyemlea. Mtoe kwanza. Mtoe, halafu mfunge."

"Namtoaje?"

"Mimi nilitumia ubani na siku saba. Wewe huna siku saba."

Kamba za boti zilikuwa zinafunguliwa. Miguu ya shangazi haikuweza kuruka, ya Mabango iliweza. Alitua sitaha ya chini kwa magoti, akamkuta Kishindo anapangusa jasho kwa kitambaa.

"Sista, vipi, mbona kama umeona deni?"

"Zile ngoma za Sukari unazo?"

"Ziko hapa, ndizo ninazo..."

"Zielekeze kwenye spika kubwa za juu. Usizipige. Nitashika maiki. Ukinisikia nasema *karibu*, piga, na usiache hata nikikulilia uache. Umenielewa? Na usiimbe. Ng'ata ulimi, ng'ata kitambaa, usiimbe!"

Kishindo alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliutazama uso ule, akakitia kitambaa mdomoni.

Juu, Sukari alisema, "Mnaujua. Imbeni!"

Watu wote wakaimba. Walivuta pumzi pamoja, ndefu, kama watu waliokaa chini ya maji, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka ngazini, na Mabango alipofika juu mtu wa kwanza alikuwa ameshavunja chupa, akaichomeka shavuni mwa mchumba wake, na mchumba hakupiga kelele, aliimba tu kupitia tundu la shavu, akamkamata yule mwanamume shingo kwa mikono miwili, na pembeni yao bibi mmoja wa kofia ya ukili alikuwa anampiga kijana kwa mguu wa meza, na kijana anamng'ata bibi kiganja, na wawili wakapinduka juu ya reli wakiwa wamekumbatiana na kukabana, wakazama, na maji yalipofunga juu yao bado mapovu yalipanda kwa mwendo wa wimbo ule ule.

Mabango alipita katikati yao. Kitu kilimpasua nyusi, damu ikamziba jicho moja. Alimfikia mdogo wake, akamshika mashavu.

"Sukari. Mdogo wangu. Nitazame."

Sukari alimtazama, na aliyetazama hakuwa yeye. Alichukua waya wa hedifoni, zile zile alizonunuliwa na dada yake, akauzungusha shingoni mwa dada na kuvuta. Sauti ya mwanamke ikatoka kooni mwake.

"Wewe ndiye uliyenitangaza," ilisema. "Nakushukuru. Nitakuua polepole."

Macho ya Mabango yakaanza kuona giza mchana. Hakuwa na ubani. Hakuwa na dua wala ngoma mkononi. Alikuwa na kazi yake tu, ile ya kumfanya mtu aliyetulia nyumbani atamani kuwa mahali pengine. Akaingiza vidole kati ya waya na ngozi, akapata nafasi ya pumzi moja.

"Tazama ulivyopangishwa vibaya," alisema kwa kukoroma. "Umejigawa kwa watu. Huyu ana kipande, yule ana kipande. Watauana baada ya muda mfupi, na koo la maiti haliimbi. Utabaki na nani?"

Waya ukalegea kidogo.

"Zione spika zile. Hazichoki. Hazikohoi. Hazifi. Mdomo mmoja mkubwa, na ng'ambo zote mbili zitakusikia. Nani kakwambia wa hadhi yako akae kwenye koo la dijei mwenye mafua?"

Sukari aligeuza shingo, akazitazama spika kama mtoto anavyotazama dirisha la duka la peremende.

"Ni zangu?"

"Nimezipanga kwa ajili yako."

Ukimya ulianguka juu ya boti. Koo baada ya koo, wimbo ukakatika, na watu wakaanguka kama nguo zilizoteleza kwenye kamba. Wa mwisho alikuwa Sukari. Alitapika kitu cheusi, chembamba, kirefu kama moshi wa utambi, kikateleza hewani kwenda kwenye spika, na spika zikavimba, zikavuta pumzi.

Mabango akaokota maiki.

"Karibu," alisema.

Gudu. Gudu. Gudu. Ngoma zikapanda kutoka chini, nzito, zikamkuta jini mle ndani ya spika. Sauti ilipiga yowe lililovunja vioo vya chumba cha nahodha. Ilimwita Mabango mwongo, ikamwita mama, ikalia kwa sauti ya Sukari akiwa mtoto, "Dada, naumia, zima!" Mabango alilala juu ya mdogo wake, akamziba masikio, akalia naye, lakini hakusema neno. Chini, Kishindo aling'ata kitambaa chake mpaka meno yakatoa damu, na mikono yake haikuacha. Yowe likapungua. Likazama ndani ya ngoma, likawa wimbo tena, wa mbali, wa mtu aliye chini ya kisima.

Wale wawili waliozama hawakupatikana. Mchumba yule ana kovu la shavu, na hakuolewa na yeyote. Sukari alipona, ila hasemi. Madaktari wamemulika koo lake, wanasema ni zima kabisa. Asubuhi humshika dada yake mkono na kuubana, na Mabango hujua kwamba hiyo ndiyo shikamoo. Shangazi alimrudisha yule jini kwenye santuri, pamoja na ngoma zake, akaifukia mahali ambapo hakumwambia hata Mabango.

Lakini tangazo lilikuwa limeshatawanyika. Mabango alibandua mabango yote kwa kucha, akagonga mlango mmoja mmoja akiwaomba watu walifute kwenye simu. Wengi walilifuta. Wengine walimwambia, "Sawa, nitafuta," kama watu wanavyosema. Juzi alipita karibu na shule ya chekechea, akasikia mtoto mdogo anauimba pale bembeani, peke yake, huku amemkazia macho mwenzake na kushika jiwe.

Mabango hakumpokonya jiwe. Alichuchumaa mbele yake, akaanza kupiga makofi, gudu, gudu, gudu, mpaka vidole vile vidogo vikalegea.

Basi nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukimsikia mtoto anaimba wimbo usio na maneno, usimgombeze, wala usimzibe mdomo. Kaa karibu naye, umpigie makofi polepole, na usiache mpaka amalize.